Akikwambia amesumbuliwa njiani: mwongozo kwa wazazi, kaka na waume

Nilikuwa na miaka 14 nilipoacha kuwaambia watu wa nyumbani. Mtu mzima mmoja, wa umri wa kunizaa, alikuwa akinisubiri kila jioni kwenye kona, ananifuata hatua kadhaa, anasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika. Nikamwambia mama, mama akamwambia baba. Kesho yake masomo yangu ya jioni yakafutwa. Kaka yangu, aliyenizidi mwaka mmoja tu, akaendelea na yake, na yule mtu naye akaendelea kusimama pale pale konani bila kuulizwa na yeyote. Somo nililolipata lilikuwa fupi: ukisema, wewe ndiye utakayelipa. Nikanyamaza miaka mingi.

Mwongozo huu ni kwa wale wanaosikia habari hizo: baba, mama, kaka, mume, shangazi, mjomba. Miongozo ya kumfundisha mwanamke apite wapi, avae nini na ashike nini mkononi imejaa tele, na wanawake wengi tunaijua kwa moyo tangu utotoni. Lakini ni nadra mtu kuelezwa afanye nini pale binti anapoingia ndani, anaweka mkoba chini na kusema, "Leo kuna mtu kanifuata." Dakika kumi zinazofuata ndizo zitakazoamua kama atakwambia tena.

Kwanza, jua unachoambiwa

Miluzi. Kuitwa kwa sehemu ya mwili. Kuzibiwa njia. Kufuatwa kwa miguu au kwa gari linalotambaa pembeni. Kushikwa mkono na mtu usiyemjua. Kupapaswa na kubambiwa ndani ya basi lililojaa, kisha kuambiwa ni msongamano. Kupigwa picha kwa siri. Mtu kujifungua suruali mbele yako. Vyote hivi hutiwa kwenye kapu moja la "kusumbuliwa", na kwa sababu neno hilo ni jepesi, anayesikiliza hudhani jambo lenyewe ni jepesi. Binti akisema "kanisumbua", usikisie amemaanisha nini. Mwache aeleze.

Utetezi utakaousikia zaidi ni kwamba kijana alikuwa "anatongoza tu" au "anasalimia tu". Kipimo changu ni kile kinachotokea baada ya hapana. Anayetongoza akikataliwa huona aibu kidogo, huondoka, na siku ikaisha. Anayesumbua akikataliwa hupandisha sauti. Ndiyo maana "mrembo" hugeuka "malaya" ndani ya sekunde tano. Neno la kwanza lingekuwa sifa kweli, lisingeoza upesi hivyo.

Na salamu, hiyo ni mtego wa aina yake. Tumelelewa kwamba kutoitikia salamu ni kukosa adabu, na wasumbufu wanalijua hilo kuliko sisi. Asipoitikia anaambiwa anaringa, kwani yeye nani. Akiitikia, na jambo likifika mbali, nyumbani ataulizwa, "Na wewe ulimwitikia wa nini?" Hakuna jibu sahihi hapo. Ukilitambua hilo kabla hujafungua mdomo, utakuwa umeshavuka nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Meza maswali haya

Yapo matano, na yote hutoka yenyewe kabla hujafikiri:

"Ulikuwa umevaa nini?"
"Ulikuwa unafuata nini huko saa hizo?"
"Ulimchekea?"
"Ulikuwa na nani?"
"Mbona hukupiga kelele?"

Yameze. Najua unauliza kwa uchungu, tena mara nyingi kwa upendo. Lakini kila moja linamtaka aliyekosewa ajitetee, na mkosaji hajatajwa hata kwa jina.

La nguo linahitaji maneno ya ziada, maana ndilo lenye mizizi mirefu. Mwaka 2008 kituo cha haki za wanawake nchini Misri kilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Asilimia 83 ya wanawake wa Misri waliohojiwa walisema wamewahi kusumbuliwa kingono, na zaidi ya nusu ya wanaume waliohojiwa walikiri kwamba wamewahi kusumbua. Wengi wa wanawake hao walikuwa wakivaa hijabu. Miaka mitano baadaye uchunguzi mwingine, wa shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, uliikuta idadi imefika asilimia 99.3. Kama kujisitiri kungekuwa ngao, ingeonekana kwenye hesabu hizo. Mimi sina neno na mtu anayejisitiri kwa imani yake. Hilo ni lake na Mola wake. Neno langu ni kwa anayeligeuza vazi kuwa hati ya mashtaka. Methali yetu inasema macho hayana pazia, sawa, lakini macho hayana mikono pia, wala hayapigi miluzi.

La kelele nalo lina jibu. Mwili ukishtuka sana huganda. Ulimi unakuwa mzito, miguu haiendi, na mtu hujikuta anatabasamu kwa woga ili jambo lipite. Askari waliofunzwa vita hupatwa na hali hiyo, sembuse msichana aliyebeba daftari. Tabasamu la woga si ridhaa.

Sema haya badala yake, hata kama ulimi unakataa: "Pole. Umefanya vizuri kuniambia. Amekugusa? Unaumwa popote?" Kisha nyamaza. Usizunguke chumbani ukitishia kuua mtu. Hasira yako ikiwa kubwa kuliko woga wake, ataanza kukutuliza wewe, na ya kwake atayafunga.

Waume, hapa nina lenu. Wanawake wengi walioolewa hawasemi kwa sababu mbili tu: mume atakwenda kupigana, au mume atashuku. Mke aliyepapaswa kwenye basi asubuhi anapiga hesabu siku nzima, nikimwambia itakuwaje, na jioni anasema siku ilikuwa nzuri. Ukitaka kujua kama nyumba yako iko hivyo, jikumbushe mara ya mwisho alipokwambia jambo la namna hii. Kama hukumbuki hata mara moja katika miaka yote ya ndoa, usidhani ni kwa sababu hayajamtokea.

Hatua ya 2: Kama imezidi maneno

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu muda ni mchache. Kama ameingiliwa kwa nguvu, hospitali kwanza, maswali baadaye. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hutumika kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo zinategemea saa: kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri, na kwa kawaida hazitolewi baada ya siku tano. Asioge, asipige mswaki kama mdomo ulihusika, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevunyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, mpelekeni hivyo hivyo, na asilaumiwe.

Atakayefuatana naye amchague mwenyewe. Inaweza kuwa rafiki yake, na wewe mzazi ukabaki nje kwenye benchi. Kaa kwenye benchi.

Hatua ya 3: Andika

Akishatulia, mwulize kama anataka kuandika yaliyotokea, yeye au wewe kwa niaba yake. Siku, saa, mahali hasa, mtu alivyo, namba ya gari kama lipo, nani alikuwepo karibu. Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata kama ni matusi. Watu hupenda kuandika "alinitolea lugha chafu", na sentensi hiyo haina uzito mbele ya yeyote. Lugha chafu ni ipi? Liandike tusi lenyewe.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Tukio moja ni hadithi. Matukio sita kwenye kona moja, yote kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, ni ramani. Mwishoni mwa mwaka 2010 kundi la wanawake jijini Kairo lilianzisha HarassMap, ramani ya mtandaoni ambapo mtu alituma ujumbe wa simu kueleza alichotendewa na wapi. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kalamu: wanawake watatu au wanne mnaopita njia moja, daftari moja. Mkienda kwa kiongozi wa mtaa, au kwa mwenye kituo cha mabasi, mkiwa na ukurasa wenye tarehe, mazungumzo hayaanzi tena na "huenda ulimwelewa vibaya".

Hatua ya 4: Usimfungie ndani

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wazazi wema huharibu.

Jambo la kwanza linalokuja kichwani mwa anayempenda binti ni kumwondoa barabarani. Asitoke jioni. Aache kazi ile. Ahamie shule ya karibu. Asindikizwe. Kila moja linaonekana ni busara, na likishajumlishwa na wenzake linakuwa maisha yaliyokatwa vipande. Mchumi Girija Borker aliwachunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delhi, akakuta wasichana walikuwa tayari kwenda chuo cha hadhi ya chini sana kuliko kile ambacho wangeweza kuingia, ili tu njia ya kwenda na kurudi iwe salama zaidi. Wavulana hawakulipa gharama kubwa namna hiyo. Mtu anayepiga miluzi konani hajui kwamba ameshachagua chuo cha mtoto wa mtu, na kwa hiyo amechagua mshahara wake wa miaka ishirini ijayo.

Mwaka 1977 huko Leeds, Uingereza, mwuaji alikuwa akiwawinda wanawake, na polisi wakawashauri wanawake wabaki ndani usiku. Tarehe 12 Novemba wanawake wakatoka kwa makundi, usiku ule ule waliokatazwa, wakaandamana mitaani. Walikuwa na swali gumu: mwuaji ni mwanamume, sasa marufuku ya usiku imeangukiaje wanawake? Mtu huyo alikamatwa Januari 1981. Kwa hiyo wangetii, wangekaa ndani zaidi ya miaka mitatu, wakimngoja mtu ambaye yeye alikuwa akitembea atakavyo.

Sisemi umwache binti apite mbele ya hatari ili kuthibitisha hoja. Nasema kila ulinzi uandikiwe bei na muda. Kama mmekubaliana abadilishe njia, iwe kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili wewe uwe unashughulika na ile kona. Kama asindikizwe, asindikizwe aendako, masomo ya jioni yasifutwe. Na uamuzi autoe yeye ukimsaidia kufikiri. Mtoto wa miaka 12 atahitaji umwamulie mengi. Mwanamke wa miaka 30 hahitaji umwamulie hata moja.

Nina wasiwasi na suluhisho la kuwatenga pia, ingawa najua linapendwa. Kairo, Delhi, Tokyo na jiji la Mexico zina mabehewa ya treni ya wanawake peke yao, na nikiwa nimechoka ningelipanda bila kujiuliza mara mbili. Lakini sikiliza watu wanavyosema baadaye juu ya mwanamke aliyepapaswa kwenye behewa la kawaida: "Na behewa lao lilikuwepo." Kinga aliyopewa imegeuka kosa lake.

Hatua ya 5: Pangeni naye mambo machache ya njiani

Machache, narudia. Usimpe orodha ya mambo ishirini mpaka akaiona dunia nzima ni mtego. Haya ndiyo ninayoyaamini:

Anayefuatwa asiende nyumbani moja kwa moja, maana atamwonyesha mtu anapoishi. Aingie penye watu na mwanga, aseme kwa sauti kwa yeyote aliyepo, "Kuna mtu ananifuata, naomba nisimame hapa."

Akihitaji msaada kwenye umati asiombe umati. Kila mtu hungoja mwenzake. Amchague mmoja: "Kaka mwenye shati la bluu, nisaidie, huyu simjui." Mtu akishatajwa shati lake hawezi tena kujifanya hakusikia.

Kwenye basi, atamke kitendo na si hisia. "Toa mkono wako kwenye paja langu" husikika hadi kiti cha nyuma na kumwacha mtu bila pa kujificha. "Hebu acha bwana" humpa nafasi ya kuuliza, "Niache nini?" Kidogo hiki nimekijaribu mwenyewe. Mara ya kwanza sauti ilinitoka kama ya kifaranga, lakini mkono uliondoka.

Kujibu au kutojibu ni juu yake. Wapo wanaofunzwa kwamba mwanamke jasiri hujibu. Kuna siku kunyamaza na kuongeza mwendo ndiyo akili, na jioni asirudi nyumbani akahukumiwa kwa hilo.

Hatua ya 6: Kumkabili mhusika na kushtaki

Kwanza, kaka na binamu wasitumwe kwenda "kumwonyesha". Fimbo ikishaingia, mashtaka yatakuwa ya kupiga, na binti ndiye atakayeambiwa ameleta balaa kwenye ukoo. Mtu mzima mmoja mwenye heshima, aende mchana, aongee na msumbufu au mzazi wake au mwajiri wake, akiwa na tarehe mkononi: kwa msumbufu anayejulikana hilo huzaa matunda kuliko watu wanavyodhani. Wengi hawajawahi kuambiwa neno na mwanamume mwenzao. Wanajua wanawake hawapendi, hilo haliwashtui. Kinachowashtua ni kugundua kwamba wanaume nao wameona.

Kuhusu polisi na mahakama, semeni ukweli baina yenu kabla hamjaondoka nyumbani. Itachukua muda. Ataulizwa yale maswali matano uliyoyameza. Nenda naye, na mhudumu akianza na nguo, sema kwa upole: "Afande, tumekuja kueleza alichofanya yule mtu." Ombeni kuongea na ofisa wa kike kama yupo, na msiondoke bila namba ya taarifa yenu.

Lakini haki nayo hupatikana. Juni 2008 jijini Kairo, mwanamke aitwaye Noha Rushdi alishikwa kifuani na mwanamume aliyekuwa akiendesha gari. Hakumwachia. Wapo wapita njia waliomshauri asamehe, amwache mtu aende zake. Yeye akang'ang'ana mpaka kituoni, na Oktoba mwaka huo mahakama ikampa mtu huyo kifungo cha miaka mitatu. Miaka sita baadaye Misri ikabadilisha sheria yake ya jinai ili usumbufu wa kingono utajwe waziwazi kuwa kosa. Peru ilipitisha sheria yake dhidi ya usumbufu wa hadharani mwaka 2015. Ufaransa iliweka faini ya papo hapo mwaka 2018, na Septemba mwaka huo huo sheria ya Moroko ikaanza kutumika. Kenya, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwa kisingizio cha mavazi na wenzao kuandamana Nairobi Novemba 2014, iliingiza kosa la kumvua mtu nguo kwenye sheria zake kabla mwaka haujaisha. Tafuta sheria ya kwenu inaliita nini kosa hili. Ukilitaja kituoni kwa jina lake la kisheria, hata kalamu hushikwa kwa namna nyingine.

Naye akisema hataki kushtaki, basi. Daftari libaki. Anaweza kubadilisha nia baada ya miezi.

Hatua ya 7: Rudi ndani ya nyumba

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa sababu inatugusa sisi.

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika sheria za binti, upande wa pili za kijana. Saa ya kurudi. Nani huulizwa alikuwa wapi. Nani hukaguliwa simu. Nani huombwa ruhusa na nani hutoa taarifa tu. Nani hufua soksi za nani. Watu waliochumbia na kuachana: kijana akiwa na wachumba watatu ni "damu inachemka", wa kike akiwa na mmoja aliyemwacha ni "jina limeharibika". Usijitetee unapoandika, andika tu.

Kisha kila sheria iulize swali moja: inalinda nini? Ukijibu "usalama", angalia kama kijana naye hana haja ya usalama, kwa kuwa na wao huporwa na kupigwa usiku. Ukijibu "heshima ya familia", jiulize imekuwaje heshima ya watu wote ikawekwa kwenye kichwa cha mtu mmoja, tena mdogo wa nyumba, huku mwingine akiruhusiwa kuichezea. Sheria isiyojibu, ifute, au iwekwe pande zote mbili. Katika nyumba moja ninayoifahamu, saa ya kurudi ya kijana ilirudishwa nyuma kwa saa mbili ili ilingane na ya dada yake. Kelele zilikuwa kubwa kwa wiki nzima. "Mama, mimi ni mwanamume!" Mama yake akamjibu, "Ndiyo, baba, najua. Nilikuwepo ulipozaliwa. Saa mbili uwe mezani." Mwezi wa pili wote wawili wakaongezewa nusu saa.

Halafu kaa na huyo kijana. Msumbufu wa konani ni mtoto wa mtu, na mama yake naye anaamini kwamba hao wahuni ni wa nyumba nyingine. Usimhutubie. Mwulize: "Mkiwa kijiweni na msichana akapita, huwa mnafanyaje?" Atasema yeye huwa hasemi kitu, na huenda ni kweli. Mwulize kama huwa anacheka. Kicheko ndicho mshahara wa anayepiga mluzi. Yule msichana hamtafuti kabisa, anawatafuta wenzake. Asipochekewa mara tatu, mchezo unamwishia. Mpe na maneno ya kusema, kwa sababu vijana hukosa maneno zaidi ya kukosa utu. "Oya, mwache apite" yanatosha. Hayamfanyi mwalimu wa maadili mbele ya wenzake.

Na ndugu watakapokuja, maana watakuja, kusema kwamba lisemwalo lipo na binti yako anaonekana onekana sana mitaani, jibu lako liwe tayari. "Shangazi, shikamoo. Anaonekana mitaani kwa sababu anakwenda kazini. Yule anayemsumbua anaonekana mitaani kwa sababu gani?" Ukisema ukitabasamu utakuwa hujamvunjia heshima mtu.

Hatua ya 8: Ukiwa wewe ndiye mpita njia

Shirika lililoanzishwa New York mwaka 2005 kwa jina la Hollaback, ambalo siku hizi linaitwa Right To Be, hufundisha njia tano za kuingilia. Ya kukatisha: unajifanya unamfahamu mwanamke, unamwuliza saa, unasimama katikati yao kama mtu aliyepotea njia. Ya kukabidhi: unamwita dereva, mlinzi, au mtu mwenye mamlaka pale. Ya kurekodi, kama kuna mwingine anayesaidia, na picha unampa yeye, hurushi popote bila ruhusa yake. Ya kusubiri: jambo likipita unamwendea na kumwuliza kama yuko sawa na kama angependa umsindikize. Ya tano ni kumkemea msumbufu uso kwa uso, nayo ni ya mwisho kwa sababu inaweza kuwasha moto.

Mimi naipenda ya kwanza. "Dada, habari za siku nyingi! Mama hajambo?" Mwanamke mwenye akili atadaka pale pale na kujibu kwamba mama hajambo, hata kama mama alishafariki. Haina ushujaa, na mwanamume yeyote mwenye haya anaweza kuifanya akiwa na mkate mkononi.

Wiki mbili baadaye

Weka alama kwenye kalenda. Siku hiyo, mkiwa mnafanya jambo jingine, mnakunja nguo au mnapika, mwulize, "Ile njia siku hizi ikoje?" Akisema "kawaida tu", usilichimbe, lakini sikiliza sauti. Akisema bado yupo, toa daftari, ongezeni tarehe, na rudini hatua ya sita. Akikwambia kuhusu mtu mwingine kabisa, wa kazini, au jirani, au ndugu wa humo humo ndani, basi ujue lile la kwanza lilikuwa jaribio tu, alikuwa anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Acha unachofanya, zima jiko, ukae.